Siku tano na kipande cha gazeti la babu: Dodoma, Mpwapwa, Kilimatinde

Kabla ya safari

Nianze na nilikotokea. Nina steshenari ndogo hapa Dodoma mjini, natoa kopi, naprinti barua za kazi, nalaminesha vyeti, yani karatasi ndo maisha yangu toka asubuhi mpaka jioni. Mwezi wa sita nilienda Kilimatinde kumsalimia bibi mzaa baba, akaniomba nimtolee sanduku lake la bati uvunguni nilipanguse vumbi, sasa wakati natoa khanga zake moja moja nikaona chini kabisa kumetandikwa gazeti. Sio gazeti zima, ni karatasi moja tu imegeuka rangi ya chai ya maziwa, upande mmoja mashairi, upande wa pili habari za miji mbalimbali, na pale juu ambapo jina la gazeti hukaa pamechanwa. Pembeni kwenye ukingo mweupe kuna majina saba yameandikwa kwa penseli, sita yana alama ya vema mbele yake, la saba halina kitu. Mwandiko wa babu. Babu alikua karani wa stesheni pale Saranda enzi za mkoloni, mimi sikumkuta.

Bibi alikua amechoka siku ile sikutaka kumsumbua na maswali, akaniruhusu niichukue kwa masharti kwamba niirudishe. Usiku nikapitisha kidole nyuma ya ile karatasi, pale ambapo upande wa pili hapana maandishi, nikahisi vinundu. Herufi zilikua zimeng'ata karatasi mpaka zikatokeza nyuma. Mimi karatasi zinazotoka kwenye mashine yangu ni laini pande zote, ukipitisha kidole huhisi chochote. Hilo ndo lililonitoa nyumbani, nikataka kujua mkono wa nani uling'ata karatasi ile na hayo majina saba ni ya nini. Nikafunga duka kuanzia Jumatatu.

Siku ya kwanza, Jumatatu: Dodoma kwenda Mpwapwa

Nimepanda haisi saa mbili asubuhi, gari limejaa, nimekaa dirishani karatasi ya babu iko ndani ya bahasha, bahasha ndani ya faili gumu, faili kifuani. Kuna mteja wangu mmoja ndo alinielekeza, akasema ana mjomba wake Mpwapwa, mwalimu mstaafu, ukimgusia magazeti ya zamani hatakuachia usiku kucha.

Tumepita Ihumwa. Kila nikipita hapo namkumbuka Mathias Mnyampala, mana alizaliwa hapo Ihumwa 1917, Mgogo wetu wa hapa hapa aliyekuja kuwa mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili na mtu aliyezinyanyua ngonjera. Mtoto wa Ugogo, mbali kabisa na pwani, anakua anatunga mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani kuliko watu wa mwambao wenyewe. Nilikua najiuliza njia nzima Kiswahili kile kilimfikiaje, shule na misheni sawa, lakini mtu wa bara alijifunzaje kusikia sauti ya mshairi wa Tanga au Lindi ambaye hajawahi kumuona. Nikaigusa ile bahasha.

Mbande tukakata kulia, Kongwa tukapita bila kushuka zaidi ya dakika kumi za kununua maji. Mpwapwa tumeingia mchana, milima imeuzunguka mji, hewa nzuri kuliko Dodoma. Mwalimu hakuwepo, amekwenda shamba, nikaambiwa nirudi kesho. Nikatafuta gesti.

Jioni nimetembea tembea. Mpwapwa ilikua kituo kikubwa cha misafara, mpagazi akitoka pwani akiwa ameshakata nyika anafika hapa anapata maji. Na Mskochi mmoja injinia, Alexander Mackay wa CMS, misheni ya Waanglikana, mwaka 1877 alifyeka barabara kutoka Saadani hadi hapa Mpwapwa ili magari ya ng'ombe yaweze kupita. Mtu huyo huyo baadae akafika Uganda, na huko alichonga herufi za mbao kwa mkono wake akachapa kurasa za kufundishia watu kusoma. Nimekaa kwenye jiwe nikawaza hilo, mtu anafyeka barabara kwanza alafu anachonga herufi. Kwa macho yangu naona ni kazi moja ile ile.

Siku ya pili, Jumanne: Mpwapwa kwa mwalimu

Leo nimeandika mpaka kalamu imeisha wino.

Nimefika saa tatu, nimempigia hodi, "Shikamoo mwalimu," "Marahaba mwanangu, karibu, ndio wewe mwenye karatasi?" Hakuniuliza hata jina. Ana miaka themanini na kitu, amekaa kwenye kiti cha kamba chini ya mwembe. Nikamkabidhi faili, akavaa miwani, akaiangalia ile karatasi kimya kwa muda mrefu sana alafu badala ya kuisoma akainusa.

Akaanza kunieleza. Alisema kosa la kwanza la vijana ni kudhani gazeti lilikua la mtu mmoja. Yeye amekua miaka ya hamsini, baba yake alikua anajua kusoma, kwahiyo treni ikishashusha mfuko wa posta stesheni ya Gulwe, na barua zikishafika mjini, watu walikua wanajua kabisa leo kwa fulani kuna gazeti. Jioni watakuja. Hawaji kuazima, wanakuja kukaa. Baba yake anasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, anasimama, watu wanauliza, mwingine anataka kirudiwe kipande cha bei ya ng'ombe, mwingine anasema huyo aliyetajwa kafariki Kilosa ni ndugu wa fulani, basi hapo hapo kunatumwa mtoto kwenda kupeleka taarifa. "Nakala moja," akaniambia, "ilikua na masikio thelathini." Alafu akanisahihisha kabla sijaandika, "andika watu thelathini, sio masikio, masikio ni sitini."

Kuhusu mashairi alinifungua macho. Mimi nilidhani mashairi yalikua ya kujazia nafasi. Akasema hapana, yale ndo watu walikua wanayasubiri, kwasababu shairi halisomwi, linaimbwa kwa mahadhi, na mtu asiyejua kusoma akilisikia mara mbili analishika lote, kesho analo machungani. Mshairi wa Tanga anauliza swali gazetini, toleo linalofuata wa Tabora anamjibu kwa vina vile vile, mwezi mwingine wa Songea anawaingilia wote wawili, na huku Mpwapwa watu wamegawanyika nani kashinda. Hawajaonana hata siku moja. Shaaban Robert mwenyewe mashairi yake yalianza kujulikana hivyo hivyo, kupitia gazeti la Mambo Leo. Nikakumbuka swali langu la jana pale Ihumwa.

Nikamuuliza haya magazeti yalianza lini. Akanipangia kama yuko darasani. Mwaka 1888 kule Kiungani, Unguja, shule ya UMCA, nayo misheni ya Waanglikana, ilianza kutoa gazeti la Msimulizi, linaandika habari za vituo vya misheni, nani kaenda wapi, shule ipi ina watoto wangapi, na wengi wa wale vijana wa Kiungani walikua ni watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa au wana wa watu hao. Hapo mwalimu akanyamaza kidogo. Akasema fikiria mtoto aliyeporwa kwao hajui hata kwao ni wapi, anakuja kushika herufi na kupanga neno "habari". Miaka ya 1890 wenzao wa Magila kule Bonde, Tanga, nao wakawa na Habari za Mwezi. Wajerumani wakaja na Kiongozi, likichapwa kwenye shule ya serikali Tanga, na wanafunzi ndo walikua wanajifunza kazi ya chapa pale pale, mpaka Waingereza walipouchukua mji vita vya kwanza 1916. Mwaka 1910 Walutheri wa Dar wakatoa Pwani na Bara. Jina hilo mwalimu analipenda sana, alilitamka mara tatu.

Alafu Januari 1923 ndo Mambo Leo, la idara ya elimu ya serikali ya Mwingereza. Hapo nilimuuliza, sasa gazeti la mkoloni si lilikua la kumsifu mkoloni tu? Akasema ndio, siasa hukuti humo, mkubwa hasemwi. "Lakini mwanangu, aliyefundishwa kusoma amri ya kodi, kesho atasoma na mengine." Mwaka 1937 Erica Fiah, Mganda mwenye duka Dar es Salaam, akaanzisha Kwetu, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika, humo malalamiko ya watu yakaanza kutoka waziwazi. Na miaka ishirini mbele Sauti ya TANU, hilo halikua hata na mtambo wa maana, ni la kurudufu kwa stensili, lakini 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa maneno yaliyoandikwa humo kuhusu maafisa wa serikali, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela. Faini ililipwa. Mwalimu wangu wa Mpwapwa anakumbuka akiwa kijana jinsi habari ile ilivyosomwa chini ya mti, msomaji sauti ilikua inatetemeka.

Nilipomuonyesha majina saba alitabasamu, akapitisha kucha kwenye zile vema. "Hii ni zamu," akasema. "Babu yako alikua na utaratibu. Anamaliza kusoma, linaenda kwa wa kwanza, likirudi anaweka vema, linaenda kwa wa pili." Nikamuuliza na wa saba mbona hana vema. Akasema hilo kamuulize bibi yako.

Tumekula ugali wa mtama na mlenda, mkewe akanikatalia kuosha vyombo, nimeondoka jua linazama.

Siku ya tatu, Jumatano: kurudi Dodoma

Leo sina mengi. Nimerudi mjini mchana, nikaenda ofisi moja ambayo nilisikia ina magazeti ya zamani. Nimekaa benchi masaa matatu. Aliyenihudumia mwishoni aliniambia yalikuepo maboksi, yalihamishwa stoo, mvua ikaingia, yakatupwa. Alisema kawaida tu kama anayesema chumvi imeisha. Nimetoka pale nimeumia kweli, mana gazeti la aina ile halina nakala nyingine mahali popote huko mtandaoni, likishaloa limekwenda na watu wake wote waliotajwa humo, na shairi la mtu ambaye huenda lile tu ndo aliacha duniani.

Fundi mmoja wa kujalidi vitabu pale Majengo ndo kaniokoa siku. Akanipa namba ya mzee wa Chang'ombe aliyefanya kazi ya chapa toka ujana wake.

Siku ya nne, Alhamisi: kwa mpiga chapa, Chang'ombe

Mzee ni mwembamba, mrefu, ana miaka sabini na nane, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kidole gumba cha mkono wake wa kushoto, kimepinda kidogo ndani. Miaka ya kushikilia herufi. Alinikaribisha uani, akatoa boksi la mbao alilolifunika kwa gunia, na kwa mara ya kwanza maishani nikashika herufi.

Jamani ni nzito. Ni kijiti cha madini ya risasi, risasi iliyochanganywa na madini mengine iwe ngumu, urefu wake hauzidi fundo la kidole, na kule kichwani ndo kuna herufi, imegeuka, kama unavyojiona kwenye kioo. Ubavuni kuna mfuo mdogo. Nikauliza huu wa nini. Akaniambia fumba macho. Nikafumba. Akanipa herufi mkononi, "juu wapi, chini wapi?" Nikashindwa. Akasema gusa mfuo. Kumbe mpangaji hana muda wa kuangalia kila herufi, jicho liko kwenye maandishi, mkono unaenda kwenye kasha wenyewe, kidole gumba kikihisi mfuo kinajua herufi imekaa sawa.

Kasha ni treya pana lenye vijumba vijumba, kila herufi na chumba chake. Mkono wa kushoto unashika fremu ndogo ya chuma, wa kulia unaokota, herufi moja, nyingine, nyingine, baina ya neno na neno unaweka kipande kifupi kisichofika juu ili kisipate wino. Mstari lazima ujae kabisa, ukilegea hata kidogo, ukinyanyua kila kitu kinamwagika sakafuni, na hiyo mzee anasema ndo siku pekee alipigwa kofi na bosi wake, ukurasa mzima ulimwagika saa kumi na moja jioni na ulitakiwa uende mtamboni, wakakaa kuokota mpaka usiku kwa taa ya chemli.

Na unausoma mstari kichwa chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Akanipangia neno nilisome. Nikasoma kitu ambacho hakipo. Akacheka, akasema hilo neno ndo mtihani wa kila mwanafunzi, ni "kununua". Ukiitazama risasi kichwa chini n inaonekana u, na u inaonekana n, na neno lile katikati ni n na u tupu. B nayo inaonekana p, kwahiyo mwanafunzi mpya anatengeneza "papa" mahali pa "baba" na anaapa kwamba yuko sahihi.

Alafu akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisoma popote na nimelihakiki mwenyewe. Kasha za herufi zilikua zinatoka Ulaya, zimehesabiwa kwa lugha zao, na kwa Kiingereza herufi inayotumika kuliko zote ni e, kwahiyo e wanakuletea za kumwaga. Sasa Kiswahili kinakula a. Unapanga habari, haujafika nusu ukurasa a zimekwisha, k zinaelekea kuisha, w zimekwisha, e zimelala tu chumbani. Nilipofika nyumbani nikachukua tangazo la kawaida kabisa ambalo nimeshaliprinti mara nyingi dukani, "Wananchi wa kata hii wanatangaziwa kwamba mnada wa mifugo utafanyika Jumamosi", nikahesabu kwa kalamu. Herufi 67. A ni 19. E hakuna hata moja.

Kwahiyo walifanyaje? Walikua wanachapa ukurasa wa kwanza, wanausafisha kwa mafuta ya taa, wanauvunja, wanarudisha kila herufi chumbani kwake, ndo wanapata a za kupangia ukurasa wa tatu. Yani gazeti la kurasa nane halijawahi kusimama lote kwa wakati mmoja. A ile ile iliyokua kwenye tangazo la kifo jana, leo iko kwenye shairi la mapenzi. Na kurudisha herufi ni kazi kama kupanga, ukiweka n kwenye chumba cha u, wiki ijayo mwenzako anakosea bila kujua kwanini.

Nikamtajia mashine yangu inatoa kurasa arobaini kwa dakika. Hakushtuka. Akasema mtambo wa mkono, watu wawili, mmoja anapaka wino kwa rola mmoja anavuta mkono, wakiwa na nguvu kweli wanafika karatasi mia mbili na hamsini kwa saa, upande mmoja, alafu ndo mgeuze mchape upande wa pili. Hata London lilikua hivyo hivyo mpaka 1814, gazeti la The Times lilipofunga mtambo wa mvuke wa Mjerumani Friedrich Koenig wa karatasi 1,100 kwa saa. Hayo alifundishwa na mzungu wa misheni aliyempa kazi. Na ndo aliyemsimulia pia habari za Johann Carolus wa Strasbourg, mtu ambaye kazi yake ilikua kunakili habari kwa mkono na kuwauzia matajiri wachache, akachoka, mkono hauendi, akanunua mtambo, na 1605 akaanza kuzipiga chapa. Ndo gazeti la kwanza lililochapwa ambalo dunia inalijua. Mimi nikasikia huruma nae, mana nakijua kiganja kinavyouma baada ya kunakili, shuleni tulinakili notsi ubaoni daftari zima.

Mzee alisema pia walikua wanapewa maziwa kila siku kwasababu ya sumu ya risasi. Kifua chake kizima. Wenzake wawili vifua viliwasumbua.

Nikamtolea karatasi ya babu. Hakuisoma hata yeye. Aliigeuza, akaiinamisha kwenye mwanga wa jua la pembeni, vinundu vyote vikatoka kama chunusi, akasema, "hapa herufi zilikua zimechakaa, ona hii a, mguu umelika, imechapa sana hii." Alafu akaniuliza, "nikupigie nini ubaki nacho?"

Sikuwaza. Nikamwambia yale majina saba.

Alipanga kwa dakika arobaini. Jina la kwanza, la pili, mikono inatetemeka akiwa anaongea lakini ikishika herufi haitetemeki. Jina la tano katikati akasimama. Akatikisa chumba cha a. Tupu. Majina ya Kigogo na ya Kiswahili yote yanapenda a, na boksi lake limebaki na chache. Nikamwambia basi mzee yanatosha hayo manne. Akaniangalia kama nimemtukana. Akafunga yale manne kwa uzi, akapaka wino, akalowesha karatasi kidogo kwa kitambaa, akailaza juu, akaweka kibao cha mbao akagonga kwa nyundo ya mbao, ko, ko, ko, taratibu. Akanyanyua. Alafu akayafuta kwa mafuta ya taa, akayavunja, akarudisha herufi zake zote, akaanza kupanga la tano, la sita na la saba kwa a zile zile, akachapa chini ya yale manne kwenye karatasi ile ile, mstari umekaa sawa kabisa. Hakukubali hela. Nimemuachia sukari na majani ya chai kwa mkewe.

Siku ya tano, Ijumaa: Kilimatinde

Nimetoka alfajiri. Bahi mashamba ya mpunga yamekauka, Kintinku wanauza mahindi ya kuchoma barabarani, alafu gari linaanza kupanda ule ukuta wa bonde la ufa na ukigeuka nyuma unaona nchi yote ya Ugogo imelala chini, tambarare, na reli inapita kama mstari wa kalamu. Reli ilifika Dodoma 1910 na Tabora 1912, na kwa mstari ule ndo gazeti lilikua linakuja, likiwa na siku kadhaa tayari, mkononi mwa babu pale Saranda chini.

Bibi yuko kibarazani. "Mbukwenyi bibi." "Mbukwa mjukuu wangu, umerudisha karatasi yangu?" Macho yake sasa yanaona mwanga tu, ana mtoto wa jicho. Nikamsomea majina kwa sauti moja baada ya jingine, kila moja anaitikia "ee", anasema huyu alikua mwalimu wa kanisa, huyu fundi viatu, huyu alikua na ng'ombe wengi na hakujua kusoma hata herufi moja, na wa sita nae vile vile hakujua. Nikamuuliza sasa walikua wanachukua gazeti la nini? Akanishangaa. "Si wana watoto wanasoma shule? Mtoto anasoma, baba anasikiliza. Na mtoto akikosea baba anajua, kwasababu alishalisikia hapa kwetu kwanza."

Nikampa karatasi ya mzee wa Chang'ombe. Nikamwambia bibi iguse kwa nyuma. Akaigeuza, akaweka kidole, kikaenda taratibu kwenye vile vinundu, akahesabu mistari kwa Kigogo mpaka saba, kidole kikabaki hapo kwenye wa saba.

"Huyu," akasema, "babu yako alimnunia."

Kumbe bwana yule alikua mvutaji. Zamu yake ilipofika gazeti lilikaa wiki mbili, likarudi limechanwa juu, pale penye jina la gazeti, amesokotea tumbaku. Babu akakataa kumuwekea vema. Akasema gazeti halijarudi mpaka kichwa chake kirudi. Wakawa hivyo, wanasalimiana, wanazikana, yule bwana amekuja hata kwenye msiba wa babu, lakini vema hakuwekewa, na bibi akalitandika gazeti sandukuni kama lilivyo.

Akakaa kimya, kidole bado kiko pale. Kuku wanapita. Alafu akaniuliza kama nina penseli. Ninayo, mfanyabiashara wa steshenari hakosi penseli.

"Mwekee," akasema.

Nikamuuliza nimuwekee kwenye hii mpya au ile ya babu.

"Ya babu yako."

Nikaweka karatasi juu ya faili, nikaandika vema mbele ya jina la saba, ndogo, saizi ile ile ya zile sita. Bibi akanyoosha mkono nimpe, akazikunja zote mbili pamoja, akaniambia nikamtolee lile sanduku.